Nitajuaje kama mume wangu amenikatia bima ya maisha kwa siri?

#1 Mama_Wawili_Nax
Hamjambo wadau. Naomba mnijibu kwa uzito wake, jambo hili limeninyima usingizi.

Niko Nakuru, Section 58, nimeolewa, tuna watoto wawili. Juzi shule iliitisha cheti cha kuzaliwa cha kitinda mimba, nikakitafuta kwenye bahasha ya kaki ambamo mume wangu huweka karatasi zake za maana. Humo nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Juu kuna jina la kampuni ya bima. Mwenye bima ni yeye. Chini yake, kwenye kisanduku cha aliyekatiwa bima, kuna jina langu kamili, nambari yangu ya kitambulisho na tarehe yangu ya kuzaliwa. Nusu ya chini imechanwa, kwa hivyo sijui ni pesa ngapi wala atakayelipwa ni nani.

Sijawahi kukaa na ajenti yeyote. Sijapimwa na daktari wa bima. Mume wangu si mtu mbaya, hajawahi hata kuniinulia mkono. Lakini mbona anifiche? Na je, kuna mahali mtu anaweza kuangalia ajue kama amekatiwa bima?

#2 Kijana_Free_Area
Muulize. Mnalala kitanda kimoja halafu unakuja kutuuliza sisi?

#3 Nyar_Kano
Kijana, oa kwanza ndipo uje utufundishe habari za kitanda.

Dada, pole. Kabla hujamuuliza, ipige picha hiyo karatasi pande zote mbili, uweke picha mahali ambapo si kwenye simu mnayoshikana wote. Kuna nambari ya bima hapo juu? Hiyo nambari ina faida kuliko maneno yote tutakayoandika hapa. Ukianza na maswali, karatasi inaweza kuhama bahasha.

#4 Sheria_Ni_Msumeno
Usihangaike. Kenya hakuna mtu anayeweza kukukatia bima ya maisha bila sahihi yako. Kama hukutia sahihi, hiyo ni karatasi tupu. Endelea na maisha.

#5 Ajenti_Mstaafu
Hapana, #4, usimpe mama wa watu faraja ya uongo. Nimeuza bima Kisumu na Busia mpaka nikastaafu.

Sheria ya Bima, Sura ya 487, inamhesabu mume kuwa na maslahi katika uhai wa mkewe, na mke katika uhai wa mumewe. Jirani hawezi kukukatia bima, kwa sababu ukifa yeye hapotezi kitu. Mume na mke hawaulizwi hilo. Sahihi inatakiwa kwa sababu nyingine: fomu ina maswali ya afya, presha, sukari, upasuaji, sigara, na anayejua majibu ni mwenye mwili. Bima ikiwa kubwa unapelekwa kupimwa damu na mkojo, na hapo siri haipo. Bima ndogo ya kulipa elfu mbili tatu kwa mwezi mara nyingi inapita kwa maswali ya karatasi tu.

Sasa niwaambie kinachotokea. Ni mwisho wa mwezi, ajenti hajafikisha lengo la mauzo. Anampata mume ofisini, fomu inajazwa palepale mezani. "Mpelekee mama nyumbani atie sahihi." Kesho yake fomu inarudi. Sahihi ya mama ina wino uleule wa baba, herufi zimelalia upande uleule, hata mkwaruzo wa kalamu iliyokuwa inakauka ni uleule. Ajenti anaona kila kitu. Ananyamaza, kwa sababu kamisheni nono ni ya mwaka wa kwanza. Jina la kitendo hicho ni kughushi, na ni kosa la jinai, hata kama mume alikuwa na nia njema.

Kwa hivyo mama, usiseme hukutia sahihi kwa hivyo bima haipo. Inaweza kuwa ipo na sahihi yako "ipo".

#6 Mtoto_wa_Kakamega
Sitaki kukutisha dada, lakini si mnakumbuka yule polisi wa Afrika Kusini aliyemuua mumewe na ndugu zake ili alipwe bima? Hata yeye watu walisema ni mtu mzuri.

#7 Nyar_Kano
Ukileta mfano wa kutisha, ulete sawasawa. Rosemary Ndlovu alipatikana na hatia ya kuwaua jamaa zake watano na mpenzi wake, kati ya 2012 na 2017, na mwaka 2021 akahukumiwa vifungo sita vya maisha. Si mumewe. Kilichotisha ni kwamba aliwakatia bima watu wa damu yake, bima za mazishi nyingi ndogondogo, na hakuna aliyeshtuka. Hapo #5 ana haki: ndogo hazina mlinzi.

Lakini Mtoto wa Kakamega, huyu dada amesema hapati usingizi. Ulikuwa unamsaidia na nini?

#8 Mtoto_wa_Kakamega
Nimeelewa. Dada, samahani.

#9 Mwalimu_Njoro
Tuangalie jambo la kawaida kwanza. Mume wako ameajiriwa wapi? Waajiri wengi huwawekea wafanyakazi bima ya kikundi, na ndani yake mna pesa za mazishi za mfanyakazi, mke au mume na watoto. Mimi niligundua mke wangu yuko kwenye orodha kama hiyo siku nilipoambiwa nijaze upya majina ya familia. Sikuwa nimemficha, sikujua mwenyewe.

#10 Ajenti_Mstaafu
Hoja nzuri mwalimu, ila kwa bima ya kikundi mwenye bima huwa ni mwajiri. Mama amesema mwenye bima ni mumewe. Hiyo inaonyesha mkataba wa mtu binafsi. Labda ni bima ya masomo ya watoto, maana kuna zile ambazo wazazi wote wawili huandikwa ili mmoja akifa karo isikatike.

#11 Rider_Kondele
Mimi nitawapa upande mwingine, maana mimi ndiye niliyekatiwa.

Nabeba watu hapa Kondele. Siku moja napigiwa simu na binti ananiita kwa majina yangu yote matatu, ananitakia heri ya kuzaliwa kutoka kampuni ya bima. Nikamwambia sina bima. Akasema, "Unayo mzee, mama ndiye hulipa." Nilisimamisha pikipiki kando ya barabara, abiria akadhani tumepata pancha.

Nilifika nyumbani nimewaka. Mke wangu alikuwa anachambua omena, hakuinua hata kichwa. Akasema: "Kila siku unatoka na hicho kitu saa kumi na moja asubuhi. Mwenzako wa kwanza alizikwa Ahero, wa pili yuko Russia na chuma mguuni. Ukifa mimi nitaenda kwa nani na watoto hawa?" Nilikosa la kujibu. Analipa kwa pesa za omena, kidogo kidogo kwa simu.

Sasa ninyi mnasema anayeficha ana nia mbaya. Wangu alificha kwa sababu alijua ningesema ananiombea kifo.

#12 Kijana_Free_Area
Wa pili yuko Russia na chuma mguuni? Amefikaje huko?

#13 Rider_Kondele
Russia ni hospitali yetu ya rufaa hapa Kisumu, ya Jaramogi. Warusi waliijenga, jina likabaki. Nakuru mna flamingo, hamna Russia.

#14 Mama_Wawili_Nax
Asanteni nyote. Rider, umenigusa sana.

Kuna maelezo niliyoyaacha. Mume wangu ni mfanyakazi wa kaunti. Mwaka juzi alichukua mkopo tukanunua ploti Kiamunyi. Nakumbuka niliitwa nikatia sahihi karatasi kadhaa, niliambiwa ni kwa sababu mimi ni mke. Sikusoma zote. Inaweza kuwa mojawapo ndiyo hii?

#15 Dawati_la_Mikopo
Nimefanya kazi ya mikopo, nijibu hili.

Unapoweka nyumba ya familia kama dhamana, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka idhini ya mke au mume. Hiyo ndiyo karatasi ambayo wake wengi huitwa kutia sahihi. Pamoja nayo kuna bima ya mkopo: mkopaji akifa, bima inalipa deni lililobaki. Kwa kawaida anayewekewa hiyo bima ni mkopaji. Mkikopa wawili, mnawekewa wawili. Na anayelipwa kwanza ni aliyekopesha, si mume wala mke.

Kwa hivyo swali langu ni moja: ulikuwa mkopaji mwenza, au ulitoa idhini tu? Kama ulitoa idhini tu, jina lako halikuwa na sababu ya kukaa kwenye kisanduku cha aliyekatiwa bima.

#16 Sheria_Ni_Msumeno
Basi aende kwa IRA, mamlaka ya kusimamia bima, wao wana majina ya kila mtu mwenye bima Kenya.

#17 Dawati_la_Mikopo
IRA wanasimamia kampuni na kupokea malalamiko. Hawana dirisha la kumtafutia mtu jina lake kwenye bima zote. Ya magari ndiyo imewekwa kwenye mfumo wa kidijitali wa AKI, chama cha kampuni za bima, unaweza kuhakiki cheti cha gari. Ya uhai wa binadamu haina kitu kama hicho. Nashangaa kwamba probox ina rekodi iliyo wazi kumshinda mama wa watoto wawili, na sikubaliani nayo hata kidogo.

#18 Mluhya_Minnesota
Huku Marekani kuna kitu kinaitwa MIB, kilianza 1902. Ukiombewa bima ya maisha ya mtu binafsi kwa kampuni mwanachama, mara nyingi habari za ombi hilo zinaingia humo. Unaweza kuomba faili lako mwenyewe bure mara moja kwa mwaka, linaonyesha maombi ya miaka saba iliyopita. Bima za kazini hazimo. Na kuna huduma nyingine ya wasimamizi wa bima wa majimbo ya kutafuta bima ya mtu, lakini hiyo ni ya marehemu tu. Kwa hivyo hata huku, aliye hai hana pa kuangalia kila kitu kwa mara moja.

#19 Omwana_wa_Bungoma
Vipi UFAA, mamlaka ya mali isiyodaiwa? Kaka yangu alipofariki, shemeji yangu alipitia huko akapata malipo ya bima ambayo hakuwa amesikia habari zake. Alikuwa amezunguka na cheti cha kifo mpaka viatu vikaisha. Aliingiza nambari ya kitambulisho cha marehemu, jina likatokea. Tulilia pale mbele ya kompyuta. Karo ya mtoto wa kwanza ilitoka hapo.

#20 Ajenti_Mstaafu
Pole kwa kumpoteza kaka, na heri kwa shemeji. Lakini UFAA, kwa sheria yake ya 2011, ni mahali pa mali isiyodaiwa. Pesa zinafika huko baada ya kampuni kukaa nazo muda mrefu bila mwenyewe kujitokeza. Bima ya mama huyu, kama inalipiwa kila mwezi, haiwezi kuonekana huko. Wajane na wajawazito wenye wazee waliofariki ndio waende.

#21 Nyar_Kano
Wajawazito?

#22 Ajenti_Mstaafu
Wajane na mayatima. Simu hizi zinajiandikia.

#23 Chebet_Data
Mbona hakuna aliyetaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019? Hii ndiyo njia iliyo wazi kabisa kwake.

Kampuni iliyo na jina lako, kitambulisho chako na tarehe yako ya kuzaliwa inashikilia data yako. Una haki ya kuiuliza, bila kupitia kwa mume. Jina la kampuni unalo. Waandikie barua pepe: mimi ni fulani, kitambulisho namba fulani, naomba kujua kama mnashikilia data yangu binafsi kuhusu bima yoyote, mliipata kutoka kwa nani, na mnipe nakala ya fomu yenye sahihi inayosemekana ni yangu. Ambatisha nakala ya kitambulisho. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kujibu ombi la kuona data yako, na hawapaswi kukutoza. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, yanaweza kuwasilishwa mtandaoni.

Usiombe wakwambie mambo ya mumeo. Malipo anayotoa na akaunti yake ni data yake, hapo watakukatalia na watakuwa na haki. Omba yako. Fomu yenye sahihi yako ni yako.

#24 Dawati_la_Mikopo
#23 umesema vyema. Niongeze: aombe majibu yaje kwa barua pepe yake mwenyewe. Kampuni zina nambari ya simu iliyojazwa kwenye fomu, na kama ni ya mume, ndiye atakayepigiwa kuambiwa "mama ameuliza".

#25 Hesabu_za_Kodi
Dalili nyingine ni iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA. Anayelipa bima ya maisha yake, ya mke au ya mtoto anapata nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya anacholipa, isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Ili aidai lazima aandike nambari ya bima na kuonyesha ni ya nani, yeye, mke au mtoto. Mfanyakazi wa kaunti akikatwa kwenye mshahara, utaiona kwenye pesilipu pia. Mara nyingi nakala za ritani huchapishwa mwezi wa sita watu wakikimbizana na tarehe 30. Zimo kwenye bahasha hiyohiyo ya kaki, niamini.

#26 Kijana_Free_Area
Yaani mnamfundisha mwanamke kumpekua mumewe. Halafu mnashangaa ndoa hazidumu.

#27 Baba_Tatu_Vihiga
Kijana ana hoja ingawa ameitoa kwa ukali. Niseme kama mume. Mimi nimemkatia wangu na sijamwambia. Niliwahi kumgusia tukiwa tumekaa jioni, akaanza kulia, akaniuliza nimeota nini. Mama yangu mzazi naye akasema kwetu hatutaji kifo cha mtu aliye hai ndani ya nyumba yake, unakiita. Basi nikakaa kimya, nikalipa. Mazishi huku kwetu mnayajua: hema, jeneza, gari kutoka mochari, ng'ombe, watu wa kulishwa usiku kucha siku zote hizo. Nimeona nyumba zikiuza shamba kwa ajili ya msiba wa wiki moja. Sitaki watoto wangu wafike huko.

#28 Nyar_Kano
Baba Tatu, nakuamini. Lakini sahihi yake uliipata wapi?

#29 Baba_Tatu_Vihiga
Ajenti alisema atashughulikia.

#30 Ajenti_Mstaafu
Basi baba, sikiliza kwa makini. Siku ya madai kampuni itachunguza fomu. Kama majibu ya afya hayakuwa ya kweli kwa sababu aliyeyajibu si mwenye mwili, wanaweza kukataa kulipa. Utakuwa umelipa miaka yote hiyo kwa upendo na watoto hawatapata kitu. Rudi kwa kampuni urekebishe, mama akiwepo.

#31 Mtoto_wa_Kakamega
Na ikiwa nia ilikuwa mbaya kweli? Sheria inasemaje?

#32 Sheria_Ni_Msumeno
Hapa najua. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamnyima muuaji sehemu ya mali ya aliyemuua. Na mahakama hazimruhusu mtu kufaidika na uhalifu wake, bima ikiwemo.

#33 Nyar_Kano
Vizuri, lakini sheria hiyo inakuja baada ya mtu kuzikwa. Mimi nataka kumwambia Mama Wawili jambo moja la walio hai: ukiona bima imepandishwa ghafla, au imekatwa zaidi ya moja, na wakati huohuo nyumbani mambo yamebadilika, vitisho, madeni usiyoyajua, usisubiri siku saba za mtu. Mwambie dada yako au mtu wa kwenu leo.

#34 Mama_Wawili_Nax
Hakuna vitisho, nashukuru Mungu. Lakini madeni sijui.

Nimeandika ile barua pepe kama alivyosema Chebet, nimeomba nakala ya fomu. Kuhusu mkopo, nimekagua: nilitoa idhini tu, sikuwa mkopaji mwenza. Kwa hivyo ya ploti naona siyo. Ya masomo inawezekana, mwaka huo ndio mkubwa aliingia shule. Lakini mbona nusu ya chini imechanwa?

#35 Mwalimu_Njoro
Labda ni kale kakipande ka kulipia ambacho mtu hukata akapeleka benki.

#36 Rider_Kondele
Au mtoto alitengeneza ndege. Kwangu hata kitabu cha kliniki kilipaa.

#37 Baba_Tatu_Vihiga
Nimempigia yule ajenti wangu. Ameacha kazi, nambari ina mtu mwingine. Kesho naenda ofisini kwao Kisumu na mama watoto. Nimemwambia tunaenda kununua mabati.

#38 Nyar_Kano
Baba Tatu! Mwambie ukweli kabla matatu haijafika Maseno.

#39 Wambui_Lanet
Samahani kuingilia uzi. Mimi nataka kumweka mama mkwe kwenye bima ya mazishi, ana miaka 78. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba. Kuna wanaomchukua wa umri huo?

#40 Ajenti_Mstaafu
Wengi wana kikomo cha umri wa kuingia kwa wazazi na wakwe, na hutofautiana, kwa hivyo uliza kikomo kabla ya kuuliza bei. Uliza pia muda wa kusubiri, maana kifo cha ugonjwa kikitokea miezi ya mwanzo mara nyingi hakilipwi. Ukikosa kwa mtu binafsi, jaribu kupitia SACCO au chama chenu, vikundi hupewa masharti laini zaidi. Na mama mkwe aje na kitambulisho chake mwenyewe, atie sahihi kwa mkono wake.